Kuchemsha, dawa, chujio au jua: maji ya kunywa uyatibu kwa njia ipi?

Mwaka jana dada yangu alihamia nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji, mtaa ambao bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki na siku zilizobaki watu hupanga foleni kisimani na madumu yao. Wiki ya tatu mtoto akaanza kuharisha. Alipopata nafuu, dada akanipigia simu: "Kaka, wewe ndiye unayesomasoma mambo haya. Nichemshe, nitie dawa, ninunue chujio au nianike juani? Kila mtu ananiambia lake." Nikamwambia nitampa jibu kesho. Kesho hiyo ikawa miezi, kwa sababu kila utafiti nilioufungua ulinitoa kwenye swali la njia ipi inaua vijidudu zaidi, ukanipeleka kwenye swali jingine: ni ipi utaifanya hata siku umerudi umechoka.

Wanaohangaika na swali hili ni wengi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na maji ya kunywa yaliyo salama kweli. Kuhara bado kunaua watoto zaidi ya 400,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Inaua nini na inaacha nini? Inadai nini kwenye mfuko, kwenye muda wako na kwenye mazingira? Maji yakishatibiwa, yanajilinda au yanaweza kuchafuka tena? Tafiti za majumbani, si za maabara, zinasema nini? Na mwisho, inamfaa nani?

Kwenye swali la kwanza kumbuka kwamba adui si mmoja. Kuna bakteria, kama wale wa kipindupindu na homa ya matumbo. Kuna virusi, ambao ni wadogo mno. Kuna vimelea wakubwa kidogo wenye ganda gumu, na maarufu kati yao ni kriptosporidiamu. Huyu wa mwisho watu wengi hawajamsikia, lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika nchi saba, Kenya na Msumbiji zikiwamo, ulimkuta miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wadogo. Kisha kuna kemikali, mfano floridi, ambazo nitazirudia mwishoni kwa kuwa hapo njia nyingi zinagonga mwamba.

Kabla hujaziamini tarakimu

Mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walizikusanya tafiti za maji na kuzipima pamoja. Kwa ujumla waliona kwamba kutia klorini nyumbani huenda kunapunguza kuhara kwa takribani robo, kuanika juani kwa takribani theluthi, na kuchuja kwa takribani nusu. Ukiishia hapo utakimbilia dukani kununua chujio. Subiri kwanza.

Tafiti nyingi za aina hii humuuliza mama kama mtoto ameharisha wiki hii, na mama huyo anajua kabisa kwamba amepewa chujio au dawa. Aliyepewa zawadi hupenda kumfurahisha aliyempa. Chujio huwezi kulificha, ila vidonge unaweza. Kule Orissa nchini India, watafiti waligawa vidonge vya klorini kwa baadhi ya nyumba na vidonge bandia kwa nyingine, bila wenye nyumba kujua wamepewa vipi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti ya kuhara. Ila pia wengi hawakuvitumia ipasavyo, kwa hiyo huwezi kusema dawa imeshindwa. Huenda haikufika kwenye maji.

Na hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Mwaka 2012 watafiti Joe Brown na Thomas Clasen walipiga hesabu ya hatari: ikiwa familia inatibu maji yake yote, kisha ikalegea ikatibu asilimia 90 tu, faida ya kiafya inaweza kushuka kwa hadi asilimia 96 pale ambapo maji ni machafu sana. Kikombe kimoja kati ya kumi kinaweza kumwaga karibu kazi yote. Kwa hiyo njia inayoua asilimia 99.99 lakini unaiacha kila Jumamosi inaweza kuzidiwa na njia dhaifu unayoifuata kila siku.

Kuchemsha

*Inaua nini.* Vyote vitatu: bakteria, virusi na vimelea, kriptosporidiamu akiwamo. Wala haijali kama maji yana tope. Watu wengi huchemsha kupita kiasi, dakika kumi au ishirini, na huko ni kuunguza mkaa bure. Maji yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha. Kwenye miinuko ya juu, tuseme Limuru, ambako maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, acha yafike dakika tatu.

*Inadai nini.* Hapa ndipo mzigo ulipo. Nimepiga hesabu kwa dumu la lita 20, maji yakiwa na joto la kawaida la nyuzi 25: kwa jiko la mkaa linalopoteza robo tatu ya moto wake, kama majiko mengi ya kawaida, unahitaji karibu kilo moja ya mkaa. Kilo hiyo, kwenye tanuri la udongo la kienyeji, imetoka kwenye kilo 5 hadi 10 za mti. Zidisha kwa siku 365 na kwa nyumba za mtaa mzima, halafu utazame vilima vinavyozunguka miji yetu. Kuna moshi pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Unaweza kumwokoa mtoto tumbo ukamuumiza kifua. Kwa mwenye umeme hesabu ni nyingine: lita 20 zitakula uniti 2 hivi kwenye birika, na hakuna moshi jikoni.

*Baadaye.* Hayana ulinzi wowote. Yakishapoa ni maji kama maji mengine. Mkono au kikombe kichafu kikiingia, umerudi ulikotoka. Ladha nayo hubadilika, na yakichemshwa kwa kuni hunuka moshi. Kuna watoto wanaoyakataa.

*Tafiti.* Ajabu ni kwamba njia inayotumika kuliko zote duniani ndiyo yenye majaribio machache kuliko zote. Zilizopo zinaonyesha vijidudu vinapungua sana, ila mitungini hukutwa tena.

*Nani.* Mwenye gesi au umeme, familia ndogo, mwenye mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, na mwenye mtoto anayenyweshwa maziwa ya unga. Maziwa hayo yanatakiwa yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa hiyo sufuria au birika halikwepeki.

Dawa ya klorini

*Inaua nini.* Bakteria na virusi, vizuri. Kriptosporidiamu hashtuki. Tope nalo ni tatizo, kwa kuwa uchafu hula dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Maji yakiwa na ukungu, yaache yatulie, uyamimine taratibu, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uweke dawa, na kipimo huongezwa kama lebo inavyoelekeza. Kitambaa chenyewe kina historia yake: kule Matlab nchini Bangladesh, kina mama waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa mujibu wa utafiti wa Rita Colwell na wenzake wa mwaka 2003. Bakteria wa kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye wadudu wadogo wa majini, na wadudu hao hunaswa na kitambaa.

*Inadai nini.* Pesa kidogo, nusu saa ya kusubiri, na kumbukumbu. Haikati mti. Chupa ya dawa ya maji ikikaa juani au kwenye joto hupungua nguvu, kwa hiyo tazama tarehe na uiweke gizani. Vidonge huhifadhika vizuri zaidi.

*Baadaye.* Hapa klorini inasimama peke yake kati ya hizi nne. Inabaki majini na kuyalinda kwa takribani saa 24 ikiwa chombo kina mfuniko. Mtoto akichovya kikombe, kuna kitu kinachopigana bado.

*Tafiti.* Zinavutana, na ni nzuri kuzisoma. Jaribio kubwa la Kakamega, Bungoma na Vihiga, lililohusisha wajawazito zaidi ya 8,000 na watoto waliozaliwa nao, halikuona kuhara kukipungua. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Mpango kama huo ulipojaribiwa Bangladesh, kuhara kulipungua kwenye makundi yaliyopewa vyoo, vifaa vya kunawa mikono au lishe, ila si kwa uhakika kwenye kundi lililopewa klorini peke yake. Tofauti mojawapo: kule Kenya ni chini ya nusu ya nyumba ndizo zilizokutwa na klorini ndani ya maji. Upande mwingine, Michael Kremer, mmoja wa washindi wa Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, pamoja na wenzake walikusanya majaribio ya kutibu maji, mengi yakiwa ya klorini, wakaangalia vifo badala ya kuhara. Kadirio lao ni kwamba uwezekano wa mtoto wa chini ya miaka mitano kufa hupungua kwa takribani robo. Kifo hakitegemei mama kukumbuka wala kumfurahisha mtafiti, ndiyo maana hesabu hiyo nimeipa uzito.

Kizuizi kikubwa ni harufu na uvumi. Kaskazini mwa Msumbiji imetokea zaidi ya mara moja wahudumu wa afya kushambuliwa na watu walioamini kwamba klorini ndiyo inayoleta kipindupindu. Kwa Kireno maneno hayo mawili, cloro na cólera, yanakaribiana kwa sauti, na serikali yenyewe haikuwa imeaminiwa tangu mwanzo. Kwa harufu kuna dawa rahisi: tia jioni, maji yalale, asubuhi harufu imepungua.

*Nani.* Familia kubwa inayotumia madumu kadhaa kwa siku, mwenye maji yanayoonekana safi, na mtaa wowote kipindi cha mlipuko wa kipindupindu.

Chujio

Nasema chujio, lakini ni mengi. La udongo uliochomwa, lenye umbo la chungu cha maua, lilibuniwa na Fernando Mazariegos wa Guatemala mwaka 1981: udongo huchanganywa na unga wa mbao au pumba, pumba huungua kwenye tanuri na kuacha vitundu vidogo, kisha chungu hupakwa madini ya fedha. Kuna ya mirija myembamba ya plastiki. Na kuna la nyumbani kwetu, la Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno ziitwazo nano. Lilimpa mwaka 2015 tuzo ya kwanza kabisa ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

*Inaua nini.* Kazi yake kubwa ni kuchuja, si kuua. Bakteria na vimelea wengi hukwama, kriptosporidiamu naye hukwama kwa ukubwa wake. Virusi hupenya kwenye chujio la udongo. Baadhi ya yale ya mirija huwazuia. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limekuwa likiyapima machujio na dawa za maji za makampuni mbalimbali na kuyapa nyota, moja hadi tatu. Muuzaji akikwambia "linatoa kila kitu", muulize nyota ngapi.

*Inadai nini.* Pesa nyingi siku ya kwanza, kidogo baadaye, na kulisugua kila linapoziba. La udongo hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa, kwa hiyo nyumba ya watu wanane itasubiriana. Na linavunjika. Kule Cambodia watafiti waliona matumizi yakishuka kwa asilimia 2 hivi kila mwezi, sababu kubwa ikiwa kupasuka. Kabla hujanunua, jua kipuri kinapatikana wapi. Kama jibu ni "tunaagiza", fikiri mara mbili.

*Baadaye.* Maji hushukia kwenye ndoo iliyofunikwa yenye koki, na huo ni ulinzi mzuri, ila ndani ya maji hamna dawa. Ndoo yenyewe isipooshwa huota utelezi.

*Tafiti.* Nimeshataja nusu ya Cochrane. Sasa sikia na hili. Mwaka 2011 machujio ya LifeStraw karibu 900,000 yaligawiwa bure magharibi mwa Kenya, yakigharamiwa na mauzo ya hati za kaboni, yaani malipo ya kupunguza moshi unaopasha dunia joto, kwa hoja kwamba watu wakiwa na chujio hawatachoma kuni kuchemsha maji. Watafiti huru walipopita miaka miwili hadi mitatu baadaye, takribani asilimia 19 tu ya nyumba zilisema bado zinalitumia. Isitoshe, si wengi waliokuwa wakichemsha tangu awali. Kwenye makaratasi msitu uliokolewa. Kwenye majiko sijui nani aliuona.

*Nani.* Mwenye maji ya mto au bwawa yenye ukungu, asiyevumilia harufu ya dawa, mwenye uwezo wa kulipa mara moja, na aliye karibu na muuzaji wa vipuri. Pia mvivu wa aina yangu: ukishalimwagia maji asubuhi, linafanya kazi peke yake.

Kuanika juani

*Inaua nini.* Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut ndiye aliyeanzisha utafiti huu miaka ya 1980, na Waswisi wa Eawag, taasisi ya utafiti wa maji, wakauendeleza kuanzia 1991. Chupa ya plastiki angavu isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, hulazwa juani saa sita. Siku ya mawingu mengi, siku mbili. Bakteria hufa vizuri. Virusi na vimelea hutegemea jua na joto zaidi. Maji yawe maangavu: simamisha chupa juu ya gazeti, ukiweza kusoma kichwa cha habari kupitia maji, sawa. Chupa za kijani hazifai, zilizokwaruzika zibadilishe. Wengi huogopa kemikali za plastiki. Vipimo vya Waswisi viliona zinabaki chini ya viwango vinavyokubalika kwa maji ya kunywa.

*Inadai nini.* Karibu hakuna pesa, ila kazi. Watu watano wakinywa lita mbili kila mmoja ni chupa saba za lita moja na nusu, na nyingine saba za kesho zikisubiri zamu. Nani atazipandisha kwenye bati kila asubuhi? Na masika?

*Baadaye.* Nzuri kuliko unavyodhani. Maji yanabaki kwenye chupa ileile yenye kizibo hadi yanaponyweka.

*Tafiti.* Zilizo bora ziko karibu nasi. Ronán Conroy na wenzake walifanya jaribio kwa watoto wa Kimasai huko Kajiado, wakaona kuhara kukipungua, matokeo yakachapwa mwaka 1996; mlipuko wa kipindupindu ulipoingia baadaye, watoto wa chini ya miaka sita walioanikiwa maji walikingwa. Nakuru nako, utafiti wa mwaka 2011 uliona kuhara damu kukipungua. Lakini Bolivia, mwaka 2009, hakukuonekana faida ya maana, na ni kama theluthi tu ya nyumba zilizoonekana kuitumia njia hiyo.

*Nani.* Mfugaji, msafiri, mwanafunzi anayeishi peke yake, na yeyote mwenye jua kali na mfuko mtupu.

Chombo

Hiki hakimo kwenye ushindani lakini kinaamua ushindi. Mwaka 1993, kwenye kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watafiti waligawa ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia badala ya uwazi wa kuchovya. Kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa asilimia 31. Kwa ndoo tu. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja mwezi huu, nunua ndoo yenye koki.

Kwa hali yako

Kama maji yako ni ya bomba lakini hukatika, uchafu huingia shinikizo linaposhuka. Dawa kwenye ndoo yenye koki inakutosha siku nyingi. Kisima kifupi karibu na vyoo: dawa kila siku, na maji ya mtoto mchanga uyachemshe. Mto au bwawa lenye tope: chujio kwanza, kisha dawa kidogo ndani ya ndoo, maana hapo kila moja inaziba tundu la mwenzake. Mwenye VVU au anayetibiwa saratani asitegemee klorini peke yake, kwa sababu ya yule kriptosporidiamu. Kipindupindu kikitangazwa, usisubiri chujio uliloagiza; vidonge vinapatikana leo. Na kama mkaa ndio moto pekee ulio nao na familia ni kubwa, kuchemsha kila tone hakutadumu, utaacha ifikapo tarehe 20 ya mwezi.

Ukiwa Arusha, kwenye miteremko ya Kilimanjaro au Nakuru, ambako watoto huota meno ya kahawia, shida nyingine ni floridi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiigusi, jua haliigusi, chungu cha kawaida hakiigusi, na kuchemsha kunaizidisha kwa kuwa maji hupungua na floridi inabaki. Hapo unatafuta chujio la mkaa wa mifupa, kama yale yaliyofanyiwa kazi Ngurdoto na Nakuru, au lililotengenezwa mahsusi kwa floridi, au maji ya mvua, ambayo hayana floridi ya miamba ila bado yanahitaji mojawapo ya njia hizi kwa ajili ya vijidudu vya kwenye bati.

Dada yangu alichagua dawa kwa maji ya nyumba nzima na birika la umeme kwa maziwa ya mtoto. Vidonge amevifungia kwenye kimfuko, na kimfuko amekifunga kwa kamba kwenye mpini wa dumu, ili anayerudi kisimani, hata akiwa mtoto wa jirani, avikute mkononi kabla hajafika mlangoni.